Mchimba kaburi atakayemfukua mkewe

Jua halijachomoza sawasawa, na Sururu ameshazama kiunoni. Anachimba kaburi la mzee aliyefariki kwa maradhi ya kawaida.

"Afadhali huyu," anasema, akirusha udongo juu. "Kafa kifo chake."

Jina la Sururu alibandikwa na wachimbaji wenzake, na mtaani hawamjui kwa lingine. Analipwa kibarua; pasipo msiba, jiko lake haliwaki. "Watu wakiniona wananyoosha mgongo," anacheka. "Wanadhani nawapima urefu."

Kicheko kinakatika akiutazama mstari wa makaburi ulio karibu na ukuta. Hapo wamelala waliokufa mwaka jana, asubuhi ile makombora ya sumu yalipoanguka mtaani kwao. Damu haikumwagika. Watu walitoka povu mdomoni, wakaishia milangoni mwao. Mkewe alikuwa mmoja wao.

Maiti wakaanza kuoshwa. Waosha wawili nao wakaanguka, wakafa. Hapo Sururu akakataa katakata mkewe aguswe na mtu. Alimzika mwenyewe, marehemu akiwa bado na gauni lake la kazini mwilini, yeye mikono kaivisha mifuko ya plastiki.

Mama mkwe hakumsamehe. "Umemfukia mwanangu kama mzoga," alimwambia mbele ya waombolezaji. Tangu hapo salamu ikafa.

Nani alirusha makombora? Serikali inasema waasi. Waasi wanasema serikali. Mwezi uliopita wachunguzi kutoka nje walikuja na kueleza wanachotafuta: nguo ambayo haikuguswa na maji, kwa kuwa mabaki ya sumu hung'ang'ania kwenye nyuzi, na huweza kuonyesha imetoka ghala la nani. Wengine walivuliwa wakaoshwa; nguo ya namna hiyo iko kaburi moja tu. Ila bila ridhaa ya mama mzazi wa marehemu, hawafukui.

Sururu akaenda. Alimkuta mkwewe uani, anaanua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Umekuja kunitonesha kidonda?"

"Nimekuja kukuomba. Lile gauni unalonilaumia ndilo litakalosema nani kamuua."

"Na wakishamjua? Watamwandikia barua ya kumkaripia?"

"Huenda wasimfanye lolote, mama. Ila hatathubutu tena kusema si yeye."

Mama mkwe alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Wageni wasimshike," alisema mwishowe. "Utafukua wewe. Na wakishalichukua hilo gauni, nipeni kilichobaki nikioshe."

Wachunguzi wamekubali, mradi avae glavu na barakoa. Kazi ni Jumatatu. Sururu amekataa malipo, na sanda ameshainunua. Mama mkwe aliikagua akamrudisha dukani, eti nyepesi mno.

Fidia haimo akilini mwake. Anapanda kutoka shimoni, anakung'uta magoti.

"Nataka siku moja redio itaje jina la aliyetoa amri," anasema. "Na mimi na mama tuwe tumekaa chumba kimoja, tunasikiliza."