Sufuria Tulizompelekea Minza

Pamba ikitoka shambani ina harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: vumbi, jua, na mafuta kidogo ya mbegu iliyojificha ndani. Kwetu Kasoli, miezi ya mavuno, tulilala na harufu hiyo. Baba alikuwa akirundika pamba katika chumba cha watoto kwa sababu ndicho kilichokuwa na mlango wa kufuli, nasi tulitandika mkeka juu ya rundo tukalala juu juu kama watoto wa mtemi, huku tukijikuna mwili mzima. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wakati huo bado tulikuwa chini ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu tuliijua kama jina la mto tu, na mto wenyewe ukifika kiangazi ulibaki mchanga. Msimu ninaoukumbuka, vidole vyangu vilikuwa vimechanwa na maganda makavu ya pamba hata kushika kalamu kuliniuma. Nilianza kuchoka mapema sana maishani. Nikiamka asubuhi siku hizi na mabega mazito, wakati mwingine nadhani uchovu huu si wa jana.

Jirani yetu upande wa magharibi alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Minza. Mumewe alifariki wakati wa palizi, na wiki chache baadaye yeye mwenyewe alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika mkono wa kulia. Fundi wa mifupa akaufunga kwa vijiti, ukaunga ukiwa umepinda. Akabaki na mtoto mmoja anayetambaa, na shamba la pamba lililopasuka lote kwa mpigo, jeupe mpaka ukilitazama mchana macho yanauma. Shemeji yake, Mzee Sayi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba shamba lile ni la ukoo, na mtu asiyeweza kulivuna hawezi kulishika. Angengoja mwezi uishe. Kisha angeingiza ng'ombe wake wale mabua, na mvua za kwanza zikinyesha angelilima yeye. Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anayetaja siku ya mnada. Kila aliyesikia alijua maana yake: Minza angebaki na nyumba na uwanja wa kufagia, na mtoto wake angekula kwa hisani ya watu.

Kanisani kwetu jambo hili tuliliombea sana. Kila Jumapili mwinjilisti, mwanamume mwembamba aliyevaa koti lilelile jua liwakapo na mvua inyeshapo, alimtaja Minza kwa jina, na akina mama wakaitikia kwa machozi ya kweli. Sitaki mtu afikiri walikuwa wanafiki. Nililelewa na wanawake wale. Walikuwa watu wenye huruma, na mimi pia nilikuwa nayo. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alipouliza nani atamsaidia mjane, niliinua mikono yote miwili ili nisije nikasahauliwa. Wahenga wanasema penye nia pana njia. Sisi nia tulikuwa nayo ya kujaza kanisa mpaka mlangoni, na njia ya kwenda kwa Minza ikazidi kuota nyasi.

Kulikuwa na sababu, na wala haikuwa uvivu. Kwetu huingii katika shamba la mtu ukaanza kuvuna kama mwizi mwenye bidii. Mwenye shamba anakuita, na akikuita anakulisha. Wasio wa kanisa walipika pombe, watu wakaja kwa harufu yake. Sisi wa kanisa tulipika wali na kuku, au makande ya kushiba, na togwa ya kushushia. Kumwita mtu akufanyie kazi na kumrudisha na njaa ni aibu inayokaa kwenye jina la mtu miaka mingi. Minza hakuwa na kuku. Hakuwa na mchele. Basi akina mama walipopita kwake kumpa pole, alisema, "Nisubirini kidogo, nipate hata kuku mmoja, nitawaita." Wakaondoka wakisema, "Tutakuja, mama, wewe tuite tu." Yeye akangoja kupata cha kuwapikia, wao wakangoja kuitwa, na pamba ikangoja juani. Wiki tatu zikaisha hivyo, pande zote mbili zikiwa na adabu isiyo na doa.

Mama yangu ndiye aliyechoka kwanza. Hakuwa mzungumzaji, na katika kikundi cha akina mama hakuwa na cheo chochote, lakini Jumapili moja baada ya ibada alisimama akasema kwamba kama tatizo ni chakula, basi kila mtu apike kwake alete. Likaonekana wazo la mbinguni. Jumanne asubuhi wanawake kama ishirini walikutana kanisani, kila mmoja na sufuria yake kichwani, iliyofunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kitambaa, kisha wakashika njia mmoja nyuma ya mwingine, kimya kimya kwa sababu ya uzito. Mimi nilibeba kidumu cha togwa. Nilijiona mtu mwema sana. Nakumbuka nilipanga hata maneno ya kusema Minza akinishukuru.

Sijui tulikuwaje, watu wazima ishirini, hata asiwepo mmoja aliyekumbuka ni siku gani kwetu wanawake hubeba chakula kilichopikwa na kukipeleka nyumbani kwa mwingine, wakiwa wamejipanga msururu na hawaongei. Ni siku ya msiba tu. Minza alikuwa uwanjani anaanika nsansa, yale majani ya kunde tunayokausha kwa ajili ya kiangazi. Aliinua uso akatuona tunakuja na sufuria vichwani. Ungo ukamtoka mkononi. "Nani amekufa?" aliuliza. Hakuna aliyejibu haraka, na kule kutojibu kukawa jibu. Baba yake mzazi alikuwa mgonjwa kule Mwamapalala. Akajua ni yeye. Akapiga yowe. Majirani walioko mashambani wakasikia yowe, wakaona msururu wa sufuria, nao wakaja mbio wakilia, wengine wakiwa tayari wamejifunga kanga kiunoni kwa ajili ya matanga.

Ilichukua muda mrefu kuwaeleza watu kwamba hakuna aliyekufa. Mwinjilisti, aliyekuwa ametusindikiza, alijaribu kueleza kwa maombi, jambo lililowafanya walie zaidi. Hatimaye Minza alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, na alichosema sikukisahau: "Mmeniletea matanga, na mimi bado mzima." Mama Esta, mwenyekiti wa kikundi, alikasirika. Alisema kwamba mtu akifanyiwa wema ajue kupokea. Tukabeba sufuria zetu tukarudi nazo kanisani, tukala wenyewe ukutani kwenye kivuli, wali ukiwa umeshapoa. Hakuna aliyegusa pamba siku hiyo. Nilishiba, na niliona haya kwa kushiba.

Baada ya hapo jina la Minza lilitajwa kanisani kwa sauti ndogo zaidi. Watu wakarudi kwenye mashamba yao, ambako kazi haikuwa imepungua. Maneno matupu hayavunji mfupa, tunasema, lakini niliona maneno mazuri yanavyoweza kumpa mtu mahali pa kupumzikia: tumeomba, tumekwenda, amekataa, tumemaliza. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nane au tisa. Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Niliona mikono yangu miwili niliyoiinua imeshasamehewa.

Asubuhi moja, kabla umande haujakauka, mama alinigusa bega akaniambia tunakwenda kwa Minza. Nilinung'unika njia nzima. Vidole vinauma, pamba yetu wenyewe haijaisha, baba atakasirika. Mama alizidi kuharakisha mwendo. Hakubeba kitu chochote, hata kanga ya kuchumia, na hilo lilinishangaza, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi na mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tulimkuta Minza jikoni, anamlisha mtoto. "Mwangaluka," mama alisalimia, na Minza akaitikia, "Mwangaluka mayu," bila kututazama sana. Mama akaketi chini kwenye udongo, akanyoosha miguu. Kisha akasema, "Mdogo wangu, nina njaa. Sijala tangu jana."

Ilikuwa kweli. Niligundua baadaye kwamba alikuwa amekataa kula usiku uliotangulia ili asije akasema uongo. Minza alimweka mtoto chini. Akasema ana michembe tu, na chumvi. Mama akasema michembe ndiyo anayoitamani. Basi Minza akainuka, na mara ya kwanza tangu mumewe afariki nilimwona akitembea kama mwenye nyumba. Akaloweka vile viazi vikavu, akavichemsha, akapakua kwa mkono wa kushoto, akatuletea maji ya kunawa. Tulikula watatu kutoka bakuli moja. Michembe ilikuwa migumu, ina mchanga kidogo. Mama alilamba vidole, akashukuru, "Wabeja," kisha akasema, "Sasa tupe shuka tukachume." Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi nikidhani ni maneno ya kupamba mlangoni.

Tulichuma siku ile, na ya pili, na ya tatu. Kila asubuhi mama alianza kwa kudai chakula. Siku ya pili mwinjilisti alikuja bila koti, akala, akachuma. Wakaongezeka wanawake watatu, kisha mtoto wa shule mwenzangu. Hatukuzidi saba. Sikumbuki furaha yoyote. Nakumbuka mgongo, kiu, na mistari isiyoisha. Nyumbani pamba yetu ya mwisho ilichelewa, ikachafuka ikawa fifi, ile ya daraja la chini, na baba hakuongea na mama wiki nzima. Ningependa kuandika kwamba mama alinipa neno la hekima nilishike maishani. Hakunipa. Alikuwa akirudi jioni anajilaza kwenye mkeka akisema, "Mgongo wangu, jamani," na analala bila kunawa miguu.

Siku ya mwisho wa mwezi Mzee Sayi alikuja na ng'ombe wake kama alivyosema. Ilikuwa imebaki kama robo ya shamba. Aliwasimamisha pembeni, akaegemea fimbo yake. Tukamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, kisha akauliza, "Nani amewaita humu?" Nilidhani mama atamweleza habari za kanisa na huruma kwa wajane. Mama alinyoosha mgongo, akasema, "Tumekula kwake, mzee." Basi. Minza alikuwa amesimama nyuma yetu na mtoto mgongoni. Mzee Sayi alimtazama, akatazama mistari iliyochumwa, akatazama shuka zilizojaa. Mtu anayeita watu wakaja, akawalisha wakavuna, huyo ni mwenye shamba. Yeye mwenyewe alikuwa amesema kwamba anayevuna ndiye anayeshika, ila hakutegemea kulisikia kwa namna hii. Akawapigia ng'ombe mluzi, akawaingiza upande ule tuliokwisha kumaliza, akawachunga yeye mwenyewe wasivuke kuja kwetu. Minza alilima shamba lile mpaka mwanawe alipokua akalima naye. Na kanisani, miaka iliyofuata, wale wanawake ishirini walishuhudia jinsi tulivyomsaidia mjane. Walisema "tulivyomsaidia," na mama alikaa kwenye benchi lake akiitikia amina.

Sasa ninafundisha shule ya msingi hapa Bariadi mjini. Nina madarasa yaliyojaa, madaftari ya kusahihisha, na magoti yaliyoanza kulia nikipanda ngazi. Jumuiya yetu ya maombi ina kundi kwenye simu, na ni kundi zuri, lenye watu wenye huruma. Mtu akiugua, kabla ya chai ya saa nne atakuwa ameandikiwa "pole sana," "tuko pamoja," na viganja vya kuomba vimejaa skrini. Zamani ilitubidi tuvuke mashamba mawili ili kumpa mtu pole. Leo pole inafika kabla hujavaa viatu, na kwa kuwa imefika, viatu vinabaki mlangoni. Siwacheki wenzangu. Tumechoka kweli, na huruma yetu ni ya kweli, na naona siku hizi vitu hivi viwili vinaweza kuishi nyumba moja miaka mingi bila kugombana.

Mwezi uliopita mume wa Mama Neema, jirani yangu hapa mtaani, alipigwa na kiharusi. Hawezi kugeuka kitandani. Mama Neema hajapata mtu wa kukaa naye hata saa moja ili aende sokoni, au alale. Ameandika hayo mwenyewe kwenye kundi, bila kuzunguka, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Nilimjibu mara moja. Niliandika kwamba nitapita. Ndipo nikamkumbuka Minza, nikaona ni kisa ambacho watu wanapaswa kukisikia, nikafungua daftari. Nimekaa jioni tatu nikiandika kurasa hizi. Kwa Mama Neema ni mwendo wa dakika kumi, kwa miguu.