Begonia ya mama iligoma kuishi Buswelu, na mama naye akataka kurudi Mkolani

Wakuu, poleni na mahangaiko ya wiki.

Ninayoandika yametokea ndani ya nyumba yangu, na baadhi ya wahusika wamo humu humu jukwaani. Nikiongeza chumvi nitaumbuliwa kabla uzi haujafika ukurasa wa pili.

Mama yangu ni mjane. Amekaa Mkolani miaka mingi, kwenye nyumba iliyojengwa katikati ya mawe. Watu wa Mwanza mnanielewa. Kwenda bombani unapanda jiwe, kurudi unashuka jiwe.

Mwaka jana aliteleza akiwa na ndoo, akavunjika mkono. Alikaa pale chini peke yake mpaka jirani yake, Mama Doto, alipopita na kusikia sauti.

Niliposikia sikusubiri. Nikamwambia wife, mama anahamia kwetu Buswelu. Hakubisha, akatandika chumba siku hiyo hiyo.

Mama akaja na begi moja, na ua moja kwenye chungu.

Ua lenyewe lina majani mapana yaliyopinda kama sikio. Katikati rangi ya fedha, pembeni kijani kilichokolea, na ukiligeuza jani kwa chini ni jekundu lenye vinyweleo. Marehemu baba alimletea kutoka Bukoba enzi za uchumba wao. Sisi tulikuwa tunaliita "ua la mama" tu. Nilipolipiga picha na kuiuliza simu ndipo nikajua ni begonia.

Mkono ukapona, lakini mama hakuchangamka. Anakula kidogo, anakaa kwenye kochi, anatazama ukuta. Kila siku anaulizia nyumba yake.

Siku jani la kwanza lilipodondoka, akaniita.

"Baba," mama huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la baba yake, "hili ua likitoa jani jipya humu ndani, na mimi nitakaa. Likifa unirudishe kwangu. Tusigombane."

Nikacheka kimoyomoyo. Ua si maji tu?

Wakuu, hapo ndipo tulipoingia mkenge.

Pale home kumwagilia lile ua kukageuka kuwa adabu. Ukimwamkia mama shikamoo, akishaitika marahaba, unachukua kikombe unalimwagilia ua lake ili aone unamjali. Wife asubuhi. Watoto wakitoka shule. Mimi nikitoka kazini. Akina mama wa jumuiya wakija kumjulia hali, nao hawakubali kuondoka bila kumwagilia. Mama anamwambia kila mmoja asante tu.

Shangazi alikuja kutoka Busisi na dagaa wake, akaosha, akayabeba yale maji hadi kwenye chungu. "Hii ndiyo mbolea yenyewe," akasema. Paka wa mtaa mzima walihamia kwangu.

Shemeji yangu, mdogo wake wife, naye akayapaka majani mafuta ya kula yang'ae kwa ajili ya wageni. Alikuwa na nia njema kabisa, msimseme, yumo humu anasoma.

Ua likazidi kulegea. Sasa, jani lililolegea ukilitazama unaona lina kiu. Tukaongeza maji.

Lilipobaki na majani matatu nikawaza kutafuta linalofanana nalo nilibadilishe kimya kimya. Nikamnong'oneza wife.

"Umdanganye mama yako mzazi?" akasema. "Na usinishirikishe."

Nikanywea.

Lakini kuna swali likaanza kunitekenya. Ua hili limeishi Mkolani miaka yote bila mbolea wala video za YouTube. Kule lilikuwa linapata nini ambacho kwangu halipati? Kwangu kuna tiles, kuna madirisha makubwa ya aluminium, kuna feni!

Nikaenda Mkolani kuangalia. Nikafungua nyumba ya mama, nikasimama pale dirishani lilipokuwa linakaa.

Nje ya lile dirisha kuna jiwe kubwa kuliko nyumba. Jua haliingii moja kwa moja, linapiga kwenye jiwe, halafu ndani inakuja nuru laini tu. Na jiwe lenyewe lina unyevu, ukiligusa ni la baridi hata mchana. Nimekulia nyumba ile na nilikuwa sijawahi kuliwazia dirisha lile.

Mama Doto akaniona, akaja. Nikamuuliza mama alikuwa analimwagilia mara ngapi.

"Mara ngapi tena? Alikuwa anachomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu anatia maji. Kikitoka na udongo, anaendelea na kazi zake."

Nilirudi mbio. Nikalitoa ua kwenye chungu, na harufu iliyotoka pale sitaki kuisimulia. Mizizi imekuwa myeusi, inakatika kama tambi zilizoiva. Tulikuwa tumelizamisha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Wakuu, niliogopa kweli. Nilikuwa naliona lile jiwe la bombani, na ndoo, na yeye chini.

Jani moja tu lilikuwa bado zima.

Kwenye pitapita zangu mtandaoni nilikuwa nimesoma kwamba begonia za aina hii zinaweza kuota kutoka kwenye jani. Unaligeuza, unakata mishipa yake kwa wembe safi, unalilaza juu ya mchanga wenye unyevu kidogo. Nikachukua mchanga wa chenga kutoka ufukweni mwa ziwa, nikauosha mpaka maji yakawa meupe. Juu nikafunika na chupa kubwa ya maji niliyoikata, kuzuia upepo wa feni. Nikaweka dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi.

Mama akasogea. "Unalikata kwa nini, na limeshaumia?"

"Wanasema linaota pale pale kwenye kidonda."

"Nani wanasema?"

"Watu wa mtandaoni, mama."

"Haya."

Ile "haya" ya wazazi mnaijua.

Ila kuanzia hapo nikaona kitu. Mama akawa wa kwanza kuamka, anakwenda dirishani. Anainua chupa, anachungulia, anafunika. Kikombe cha kumwagilia akakificha chumbani kwake. Mtu akisogea tu: "Shikamoo yako nimeipokea. Rudi nyuma."

Akiwa huko dirishani akawa anaona jikoni kwetu. Akaanza kumwambia wife mboga inaungua. Mara akaingia mwenyewe akashika mwiko, na sisi tukaruka wote: mama, pumzika! Akatutazama.

"Mmenikalisha kwenye kochi kama mgonjwa. Mkono ulipona."

Wife akampisha jikoni. Siku ile mama alikula ugali wa kutosha.

Jani likakaa hapo muda mrefu bila dalili yoyote. Nilikata tamaa, yeye hakukata. Halafu asubuhi moja nikasikia naitwa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ahamie.

Kwenye kila mkato palikuwa na kimche. Vijani vidogo kuliko punje ya mtama, tayari vina rangi ya fedha. Tulipanga mstari kuvichungulia kwa zamu kama watoto.

Nikajikaza nikauliza. "Kwa hiyo mama, unakaa?"

"Nilisema jani jipya. Hawa ni watoto wa lile la zamani."

Moyo ukashuka. "Basi nikurudishe lini Mkolani?"

Akanigeukia kama nimesema upuuzi.

"Nikienda mimi, hawa nani atawaangalia? Wewe? Utawazamisha."

Nilitoka nje, nikajifanya natafuta ufunguo wa gari. Machozi yalikuwa yananitoka.

Nilichojifunza: mapenzi yetu mengi ni maji. Begonia itie kidole kwanza, usikie inasemaje. Na mzazi mwache ashike mwiko wake.

Sasa wajuzi wa maua, naomba msaada. Vimche hivi vinahamishiwa chungu vikifika ukubwa gani? Na mchanga wa ziwani uchanganywe na nini? Tiririkeni, ila majibu yawe ya uhakika, maana nitamsomea mama, na akishasikia ataniuliza nani kasema.