Mpira Uliofungwa Chini ya Lori

Bati la kopo likikatwa linaacha ukingo mkali kuliko wembe. Vidole vyangu vimejaa makovu madogo meupe, na kwenye mkono wa kushoto nina baka jeusi la mafuta ya ganda la korosho. Mafuta hayo hubabua ngozi, kila aliyewahi kubangua korosho anayajua, lakini sijapata rangi nyingine inayofanana na grisi ya zamani iliyoganda chini ya gari. Kwa hiyo nachoma maganda, nakinga mafuta, naungua, napaka.

Nilimaliza chuo na shahada ya ualimu wa fizikia, nikarudi Mkunya kwa mama kusubiri ajira. Huku nikisubiri, nikawa natengeneza magari. Si yale ya watoto ya kuvuta kwa kamba. Nalipima gari lenyewe kwa futi, nagawa vipimo kwa ishirini, nakata bati na kuliunga kwa risasi iliyoyeyushwa. Matairi nachonga kwa soli za kandambili, vioo natoa kwenye chupa za maji, na matope ni mchanga wetu mwekundu uliochanganywa na gundi ya mbao. Gari kubwa likiwa limebonyea mlango wa kulia, langu nalo linabonyea mlango wa kulia. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walisimama uani kwetu kutazama.

"Wenzako wana watoto," mmoja aliniambia. "Wewe una magari."

"Magari hayanyonyi."

Mama alicheka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

Lori nililolitamani kuliko yote lilikuwa la tajiri mmoja aliyebeba korosho msimu mzima, akizitoa vijijini na kuzishusha Masasi. Dereva wake alikuwa jirani yetu, tumekua pamoja. Utingo wake alikuwa mzee mwenye mvi, mpole, asiyependa maneno mengi. Waliniruhusu nilipime siku waliyokuwa wanapakia magunia. Nikalala chali chini ya lori na futi yangu, mchanga ukiniingia shingoni, na hapo nikamkuta utingo akizungushia vipande vya tyubu mpira wa upepo wa breki. Kabla hajaufunika niliuona ufa wenyewe, mdogo kama ukucha, ukipiga mluzi.

"Hiyo nini, mzee?"

"Bandeji."

"Mgonjwa anaumwa nini?"

"Anaumwa tajiri," dereva alijibu kutoka juu, na wapakiaji wakaangua kicheko. "Kasema mpira mpya tutapata msimu ukiisha."

Nilitoka chini ya lori, nikajikung'uta. Nikamwambia dereva kwa sauti, mbele ya wote, "Hii itakuua." Ilikuwa hesabu tu: uzito wa mzigo, mteremko, upepo unaovuja. Nikamwomba aliache lori pale lilipo mpaka mpira ubadilishwe. Akanipigapiga begani.

"Ukinitafutia tajiri mwingine, naliacha leo hii. Na hiyo bandeji usiitengeneze kwenye kigari chako, utanitia aibu."

Niliitengeneza. Mpira wa breki nilitumia ganda la plastiki la waya wa umeme, nikalichana ufa kwa ncha ya sindano, kisha nikauzungushia uzi wa tyubu na kuukaza, nikapaka mafuta meusi juu yake. Ufa hakuna ambaye angeuona tena. Nilijiuliza kwa nini najisumbua na kitu kisichoonekana.

Lori lilianguka kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala kwenda Masasi. Nilifika kwa bodaboda nikalikuta matairi juu. Utingo alikuwa ameruka, amekaa kando ya barabara kichwa kikivuja damu. Dereva hakuruka. Kichwa cha lori kilikuwa kimekunjika kama kopo lililokanyagwa, na mguu wake ulitokeza dirishani bila kiatu. Damu ilikuwa imechanganyika na dizeli na mchanga, ikatoa rangi ya matope niliyokuwa nikiitafuta muda mrefu bila kuipata. Nilijichukia kwa kuiona.

Pembeni watu walikuwa wanajaza korosho kwenye ndoo na makanga. Wawili walikuwa wanapigana ngumi kugombea gunia lililopasuka, hatua chache tu kutoka kwenye ule mguu. Na juu ya tumbo la lori alikuwa amepanda fundi wa tajiri na spana mkononi.

"Unafanya nini?" nilimwuliza.

"Nawawahi wezi wa vipuri, dada."

Nilipochungulia, mpira wa breki haukuwapo. Badala yake palikuwa na tundu.

Kwetu kifo cha kijana kina mtu wa kukiulizia, naye ni mjomba wake. Hitima ilipokwisha, mchana kweupe, mjomba wa dereva aliingia uani kwetu na watu nyuma yake. Walikuwa na fimbo, wengine mapanga. Tajiri alisimama nyuma kabisa, shati limenyooka.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

Hakuitikia. Nikajua wamenijia kwa ubaya.

"Lete kigari."

"Cha nini?"

"Bado anauliza!" mtu alipiga kelele. "Lete kigari, msomi!"

Tajiri akakohoa. "Mimi sina la kusema, wazee wangu. Nimesikia tu kama mlivyosikia. Alimwambia kijana itakuua. Na kisha akaenda kutengeneza lori lilelile, mpaka namba zake."

"Kama naweza kuua mtu kwa kopo la maziwa," nilimwambia, "wewe mbona uko hai?"

Wawili watatu walicheka, na kicheko chao kikanidanganya. Nilidhani nipo darasani na wanafunzi wangu wameanza kunielewa. Niliingia ndani, nikatoka na lori langu, nikaligeuza matairi juu kama nilivyolikuta lile kubwa.

"Tazameni hapa. Mpira wa breki ulikuwa na ufa, ukafungwa kwa tyubu. Niliona, ndiyo maana nikamwonya. Mpira huo ndio uliomuua, na fundi wa tajiri ameung'oa."

Mjomba aliinama. Alikitazama kile kifundo cheusi, kilichozungushwa mara nyingi na kukazwa, kinachong'aa mafuta. Nami nikakitazama kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimefichwa chini ya gari la mtu aliyekufa.

"Amemfunga," alisema taratibu.

Fimbo ya kwanza ilinipiga shingoni, ya pili sikumbuki iliponipata. Nilianguka mkono ukiwa umenyooka mbele yangu, na mtu akaukanyaga kwa kisigino, akakisokota. Nilisikia vidole vikivunjika, vile ninavyoshikia mkasi. Nilionja mchanga, nilionja damu. Kuna sauti ilitaja petroli. Niliitambua, ilikuwa ya baba aliyewahi kunibembeleza nimtengenezee mwanawe basi.

Mama alitoka jikoni na mchi. Alimpiga wa kwanza kwenye mkono, panga likaruka. Akampiga wa pili kifuani.

"Anzeni na mimi!" alikuwa anapiga kelele. "Nimemzaa mimi, anzeni na mimi!"

Walimnyang'anya mchi, wakamsukumia ukutani. Nilikuwa bado nafikiri, na hilo ndilo ninaloshangaa. Nilikuwa najiuliza kama maumivu yatafika mahali yaishie yenyewe.

"Nilifunga mimi!"

Utingo alikuwa amesimama katikati ya ua, kichwa kimezungushiwa kitambaa. Alirudia mpaka wakamsikia. "Nilifunga mimi kwa mikono yangu. Tajiri aliniambia funga, nikafunga. Huyu binti alikuwa chini ya lori, aliona nikifunga."

Mjomba aligeuka kumtafuta tajiri. Pikipiki yake tulikuwa tunaisikia ikitokomea. Ikabaki mikono iliyoinuliwa, na mbele yake mtu mmoja tu wa kupigwa.

Walimwangukia utingo. Fimbo zilikuwa zilezile. Waliokuwa wananipiga walinivuka kama gogo kumfikia. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba watu wakioneshwa jambo lilivyo, mikono yao itashuka. Ilikuwa imebadili upande tu. Nilijaribu kupiga kelele wamwache, damu ikanipalia. Nilisikia taya lake likilia kwa mlio mkavu.

Aliyewazuia ni mama wa dereva. Aliingia katikati yao na nguo zake za msiba, akajilaza juu ya utingo. Fimbo moja ilishateremka, ikampata mgongoni. Ndipo fimbo zikasimama.

"Nimezika mmoja," alisema bila kuinuka. "Huyu mtamzika wenyewe, na mimi mnizike naye."

Walitoka mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama yule aliliokota lori langu mchangani, akaliviringisha kwenye kanga, akaondoka nalo.

Utingo alilazwa, taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema. Tajiri aliliburuta lori lake hadi karakana, na askari walipokwenda kulitazama walikuta mpira wa breki mpya kabisa. Mimi nikaitwa mzushi, kwa wengine bado mchawi, na mjomba akatuma neno kwamba nikiendelea kukaa Mkunya asilaumiwe kwa yatakayotokea. Mama alianza kulala na panga mlangoni. Kitu pekee kilichoonesha breki zilivyokuwa kilikuwa lori langu, kwa hiyo nilikwenda kwa mama wa dereva kuliomba, mkono wangu ukiwa kwenye plasta.

Alikuwa amekaa mkekani. Lori lilikuwa mbele yake, matairi juu, na kando yake wembe. Uzi wa tyubu ulikuwa umekatwa vipande vipande.

"Nimemfungua," aliniambia.

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikaketi mkekani.

"Mama, ule ndio uliokuwa ushahidi wangu."

"Chini yake kuna ufa," alisema, kama hakunisikia. "Nimeugusa kwa ukucha. Ni wewe uliyeuweka?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini uweke ufa, kisha uufunike?"

"Kwa sababu kwenye lori ulikuwapo. Ulifunikwa mbele ya macho yangu."

Alikuwa anapitisha ukucha kwenye ufa ule, mbele na nyuma.

"Mchawi angefunga tu," alisema mwishowe. "Asingehangaika na ufa." Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Tajiri yupo kwake saa hizi?"

Nilikuwa sijajibu alipoinuka na kuchukua panga lililokuwa nyuma ya mlango. Niliwahi mlangoni. Tulivutana bila kusema neno, mimi na mkono mmoja, yeye na nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Alinigonga kwa kiwiko usoni, pale palipokuwa hapajapona. Sikuachia. Makali yaliteleza yakanichana kiganja kizima, na damu ikamwagika kwenye kanga yake ya msiba. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha vidole vyake vikalegea.

Alichana upindo wa kanga, akanifunga kiganja. Alikaza mno, nikaguna.

"Vumilia," alisema. "Kituoni kwa polisi utaongea wewe. Mimi nitashika gari."

Tulitoka wakati watu wamejaa barabarani. Kulikuwa na waliokuja kwetu na fimbo, yule wa petroli alikuwapo, na mjomba alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka. Tulipofika mbele yake mama yule alisimama. Hakumwamkia. Alilinyanyua lori mpaka usawa wa macho ya mjomba, matairi juu, akaweka ukucha wake kwenye ufa na kungoja aangalie.