Nilipenda nyumba ya kwenye filamu, nikaenda Luzira kuitafuta na tepu mfukoni

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Haya sikuambiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, ingawa kwa siku tatu nilitumia moja tu, lile lingine lilikuwa limevimba. Mtaelewa mbele.

Kiswahili changu mnivumilie. Nilizaliwa kambi ya polisi, baba askari, na shule niliishia Senior Two. Hesabu na mimi tuliachana kwa amani, hakuna aliyelia. Leo nauza pazia za mtumba soko la Owino.

Basi.

Kamwokya kuna kibanda cha video naendaga Jumapili. Kwa wasiojua, huku filamu haionyeshwi hivi hivi. Kuna jamaa anakaa na maiki, tunamwita VJ, anatafsiri kila kitu kwa Luganda na kuongeza ya kwake. Mtu wa kwenye filamu akisema neno moja, VJ anakupa hotuba.

Siku hiyo waliweka filamu ya hapa hapa Uganda, ya mizimu. Msichana anaingia peke yake kwenye nyumba ya zamani iliyoachwa.

Watu wote wanaangalia msichana. Mimi naangalia nyumba.

Wakuu, ile nyumba. Vigae vyekundu vimeota ukungu wa kijani. Baraza refu, nguzo nne nene. Na madirisha: saba upande wa mbele, marefu, ya mbao, vioo vidogo vidogo, yako uchi kabisa bila kitambaa. VJ akasema huyu mzimu maskini, hata pazia hana. Kibanda kizima kikacheka. Mimi nilihisi kama ametukana dada yangu.

Niliirudia mara nne. Mpaka leo ukiniuliza yule msichana alikufa au alipona, sijui.

Nikapiga picha ya skrini kwa simu. Ilitoka na kichwa cha jamaa aliyekaa mbele yangu, lakini nyumba inaonekana. Nikaiweka wallpaper.

Sokoni jirani yangu ni Mama Furaha, Mkongo, anauza mashuka. Akaiona.

"Wanaume bengine banaweka foto ya bibi yabo, weye unaweka ukuta," akasema. "Enda uioe basi, tukule mchele."

Sasa mimi mtu akinitania hivyo namwona kama amenipa ushauri.

Kwenye filamu kuna sehemu moja ziwa linaonekana nyuma ya nyumba. Nikasema hii ni upande wa Luzira. Jumapili iliyofuata nikavaa shati zuri, nikaenda kuwaonyesha watu wa boda ile picha. Wawili wakaniuliza kichwa cha nani hicho. Wa tatu akasema hiyo ni nyumba ya marehemu afande, panda.

Nikaikuta.

Msinicheke. Nilinyoosha kola ya shati kwanza.

Geti lilikuwa wazi. Nikapiga hodi moja, ya sauti ya chini, ile hodi ya mtu asiyetaka kujibiwa. Kimya. Madirisha bado uchi kama kwenye filamu. Nikajua kweli imeachwa. Nikapanda barazani, nikashika ile mbao ya dirisha, na mkono wenyewe ukaingia mfukoni ukatoa tepu. Ni kazi yangu, tepu haitokagi mfukoni. Nikaanza kupima dirisha la kwanza.

Nikapima la pili.

Kwa wageni: Kampala mtu anayepima nyumba yako bila kukusalimia, mara nyingi ndiye anakuja kuichukua. Ndiyo maana kuta zetu nyingi zimeandikwa kwa rangi kubwa kwamba haziuzwi. Mimi hili nalijua. Nimekulia hapa. Lakini mapenzi, wakuu.

Mama mmoja mzee akatokea nyuma ya nyumba na jembe, udongo mpaka kwenye magoti. Hakupiga kelele. Aliita majina mawili tu, na vijana wawili wa jirani wakaja kwa kuruka ukuta. Wa kwanza hakuniuliza kitu, alirusha ngumi. Ndio hapo jicho lilipoondoka kazini.

"Muache kwanza," mama akasema. Halafu kwangu, kwa Kiswahili cha kambi kabisa, kama cha mama yangu: "Wewe, nani ametuma wewe?"

"Hakuna mtu, mama. Niliona nyumba kwa filamu, nikaipenda."

Yule aliyenipiga akasema wezi wa siku hizi wanakuja na story nzuri.

"Na tepu ni ya nini?"

"Ya pazia, mama. Mimi nauza pazia Owino."

Akanitazama. Akaelekeza jembe kwenye dirisha. "Hii inataka kitambaa ngapi?"

Nikajibu nikiwa nimekaa chini, mkono kwenye jicho. Nikamwambia upana wa dirisha mara mbili ili ipate mikunjo, chini pindo la kiganja kimoja, juu uache ya kupitisha fimbo, na hizi mbao zimepinda kidogo upande wa kushoto kwa hiyo usikate zote sawa.

Mama akaweka jembe chini. Akawaambia vijana, "Huyu ni fundi wa pazia. Mwizi hawezi kujua pindo."

Akaniletea maji ya baridi na kitambaa. Anaitwa Mama Akello, mtu wa kaskazini, mjane wa polisi. Alivyosikia na mimi ni mtoto wa kambi, akaniuliza kambi gani, namba ya block, na mama yangu alikuwa anapika nini. Nikafaulu yote. Mtihani wa pekee niliowahi kufaulu.

Ndipo akanieleza.

Watu wa filamu walikuja kwa heshima, wakaomba nyumba siku sita. Lakini wakasema lazima ionekane imeachwa. Wakashusha pazia zake zote, wakapaka ukuta udongo, wakamwaga majani makavu barazani. Walipoondoka, pazia zikaondoka na mizigo yao. Akasema atazifuata baadaye. Kabla hajazifuata, dada yake akaugua kule kwao, akaenda kumuuguza miezi minne.

Kurudi, anakuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameshasambaza kwamba mjane amehamia kijijini moja kwa moja, nyumba imekufa. Ushahidi wake ni ile filamu. Anawaonyesha watu kwenye simu: tazameni, kuna mtu hapo?

Na sasa mama amerudi, shemeji anasema amekuja kufunga mizigo tu. Jumatano atamleta mwenyekiti wa mtaa pamoja na mnunuzi, waone wenyewe.

"Na madirisha yako hivi," Mama Akello akasema. "Mtu akipita barabarani anaona mama anahama."

Wakuu, hapo ndipo niliumia kuliko ile ngumi.

Mimi kilichoniua kwenye ile nyumba ni ule upweke wake. Nilipenda ile kuachwa. Kumbe kuachwa kwenyewe kulitengenezwa kwa ndoo ya udongo na majani, na ndiko kulikuwa kunamfukuza mwenye nyumba. Hata mimi nilipiga hodi ya chini kwa sababu niliamini hakuna mtu.

Nikamwambia mama, Jumatano asubuhi niko hapa na pazia.

Jumatatu na Jumanne nilipekua marobota kama kuku. Nilikuwa na ndoto yangu: pazia za krimu, nyepesi, zenye lesi, saba zinazofanana. Nyumba kama ile inataka hivyo. Lakini mtumba haukupi saba zinazofanana. Nilipata krimu mbili. Mama Furaha, aliyecheka mpaka akakaa chini aliposikia habari ya jicho, aliposikia ya shemeji akainuka. Naye ni mjane. Akafungua robota lake mwenyewe, akatoa pazia zingine zilizochanganyika na mashuka.

Jumatano nikafika. Nikatandaza barazani. Nikampendekezea mama zile krimu ziwe za sebuleni.

Akazisukuma kwa mguu.

"Hizi hazionekani toka barabara. Nipe ile nyekundu."

Akachagua nyekundu ya maua makubwa. Kijani ya simu ya zamani ya mezani, sijui rangi hiyo inaitwaje. Ya bluu yenye nanga. Na kwenye dirisha la sebule, mbele kabisa, pazia la mtoto lenye tembo wamevaa kofia. Nilitaka kulia. Kama fundi nilikuwa naona dhambi. Lakini nyumba si yangu, nikapanda kwenye kigoda nikatundika.

Nilikuwa kwenye dirisha la tano walipoingia. Shemeji na suti, mwenyekiti na daftari, na mnunuzi, baba mmoja mtulivu na funguo za gari mkononi.

Mwenyekiti akasalimia vizuri, halafu akamuuliza mama kama ni kweli anahama.

Mama Akello alikuwa ameshika mwisho wa tembo, ananinyooshea.

"Mwenyekiti," akasema, "wewe umeshaona nani anahama kwa kutundika pazia?"

Mwenyekiti akatazama madirisha, moja moja, akafika kwa tembo akakaa hapo kidogo. Akaandika kwenye daftari kwamba mjane yupo na anaishi hapa. Mnunuzi akamuuliza shemeji kwa sauti ndogo, "Ulisema hakuna mtu." Hakusubiri jibu. Gari likaondoka, shemeji akabaki kutafuta boda.

Lakini hakuondoka kimya. Alisema ukoo utakaa mwezi ujao, na pazia si karatasi ya nyumba.

Hapo amesema kweli, na ndiyo sababu nimeandika.

Nilichojifunza: ukipenda nyumba ya mtu, piga hodi ya kusikika, na uzunguke mpaka nyuma, mwenyewe anaweza kuwa shambani. Na tepu acha kwenu.

Sasa wenye uzoefu wa mjane, ukoo na nyumba ya marehemu, njooni. Huyu mama akienda kwenye kikao ashike karatasi gani? Aende na nani? Aanzie ofisi gani? Jumapili nitakaa naye barazani nimsomee comments zenu moja moja. Za kunicheka mimi pia nitasoma, amesema anazitaka.