Ngwe ya Sebastiani

Mume wangu, Sebastiani Likwata, alikuwa mbishi tangu siku aliyokuja kuniposa, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ubishi ulimwingia baada ya kuanguka. Alianguka kutoka juu ya mnazi, kijijini kwetu Mitwero, mwaka sabini na moja. Akavunjika uti wa mgongo, miguu ikafa. Mwaka mzima alilala amegeukia ukuta, hasemi na mtu. Shemeji zangu wakadai yule Sebastiani wa zamani kesha kwenda. Nikawajibu kwamba anapumzika tu. Nilisema uongo, nami niliogopa.

Mwaka sabini na nne tukahamia kijiji cha ujamaa karibu na Mtama. Kwenye mkutano, mwenyekiti Abdurahmani akasoma majina ya watakaopimiwa ngwe, kila mtu kipande chake cha kupalilia katika shamba la pamoja. Kisha akasoma ya wasiojiweza: vikongwe wawili, kipofu mmoja, na mume wangu.

"Ndugu mwenyekiti," Sebastiani akasema, "nifute huko. Nipimie ngwe."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akakubali.

Siku ya kazi nilimfunga magunia mapajani asichubuke akijiburuta, maana hata mwiba hausikii. Tukafika shambani na jembe la mpini mfupi, tukakuta ngwe yake nyeupe, haina gugu hata moja. Majirani walikuwa wamedamka kumpalilia. Walisimama pembeni wakitabasamu, wanangoja ahsante, na mimi nilikuwa tayari kuwapa.

"Mmenizika mzima," Sebastiani akawaambia.

Akadai ngwe nyingine, na mtu asiiguse.

Wenzake walimaliza zao kabla ya adhuhuri. Yeye alijiburuta kwa makalio siku tatu. Nilipompelekea maji kabla hajayaomba alinifokea, na moyo wangu ukacheka kwa furaha. Huyo ndiye mwanamume aliyenioa.

Siku ya tatu alasiri akang'oa gugu la mwisho. Mwenyekiti akaita watu.

"Jamani, tumpigie makofi ndugu yetu!"

"Makofi ya nini?" Sebastiani akauliza. "Hawa waliomaliza juzi, nani aliwapigia? Nipimie ya kesho."

Abdurahmani akashusha mikono, akachukua kamba, akapima. Nami nikasimama pale kifua mbele, utadhani nimepalilia mimi.