Walichotuambia Kuhusu Moyo

Kwetu Kamanga, ng'ambo ya ziwa, neno la hospitali halikuwa na mbishi. Baba alipopata mshtuko wa moyo, mimi nikiwa shule ya msingi, aliambiwa apumzike, asinyanyue hata ndoo. Mama akalishika agizo hilo kwa mikono miwili. Baba akinyanyuka kwenda kuangalia ng'ombe, mama alimzuia mlangoni.

"Baba watoto, rudi ulale."

Alirudi. Akalala mpaka miguu ikanyauka, na mwishowe tukamzika.

Mwaka jana zamu ikamfikia mama. Alipotoka wodini, kaka yangu mkubwa akatangaza kwamba mama asiguse jembe, na mawifi zangu wakamnyang'anya hata ufagio. Mimi nilikataa, na nikikataa jambo nyumba nzima hujua. Nikamvusha kwa kivuko mpaka kliniki mjini Mwanza.

Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Alimwamkia mama, akampima, kisha akasema ameze dawa bila kuacha, apunguze chumvi, na atembee kila siku, aanze polepole.

"Mgonjwa wa moyo si analala, mjukuu wangu?"

"Zamani tuliwaambia hivyo, bibi. Siku hizi tunajua kulala sana kunamdhoofisha."

Nilijaa ushindi, nikaanza kupanga nitakavyomjibu kaka. Ndipo mama akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo mume wangu nilimlaza bure?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Ulifanya tulichokuambia, bibi."

Tukarudi kwa kivuko. Kamanga tulimkuta kaka ametuletea bodaboda. Nikamwambia apande yeye, sisi tunaenda kwa miguu. Alifoka, lakini mama alikwishatangulia, akisimama kupumua na kuendelea.

Sasa hutembea kila asubuhi, na sauti yake ya kugombeza wajukuu imerudi yote. Nafurahi, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa sahihi. Juzi nikiwa likizo nilimsindikiza, nikawa najisifu njia nzima, naye akanikatisha.

"Na kesho wakisema vingine?"

"Tutafanya hivyo vingine, mama. Ndivyo wanavyojifunza."

"Basi wajifunze upesi," alisema bila kupunguza mwendo. "Mimi sina mume mwingine wa kujifunzia."