Mihayo, Mama Mkwe na Mashine Mbili

Mihayo, fundi wa mashine za kukoboa mpunga pale Chimala, alitumia mwaka mzima kuamua kama anunue kompyuta ya gemu au abaki na pleistesheni yake. Kwa mtu mzima mwenye watoto watatu, huo ni muda mrefu. Rafiki yake Rabson alishamweleza kwamba siku hizi gemu ya mpira ni moja: wa pleistesheni anacheza na wa kompyuta kwa mtandao, kila mtu na mashine yake. Mihayo aliitikia, akaendelea kuumiza kichwa.

Aliyeamua ni mama mkwe. Bibi Kalista alipofiwa na mumewe huko bondeni Usangu, bintiye Kulwa, mke wa Mihayo, alimchukua akae nao. Kwa mila yao ya Kisukuma, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe wala hasemi naye, na nyumba ilikuwa na sebule moja, yenye televisheni moja. Mihayo akahamia kula jikoni. Hakulalamika, alishiba vizuri tu. Lakini bibi aliona, na roho ilimuuma. Akamwambia Kulwa kwamba amemfukuza mwanamume kwenye kiti chake, kwa hiyo Jumapili atapanda basi arudi kwenye ng'ombe wake.

Kulwa alilia. Mihayo akaenda Mbeya mjini, akarudi na kompyuta, akaifunga chumbani. Pleistesheni akaiacha sebuleni, maana bibi alishafundishwa na wajukuu na sasa alikuwa anawafunga wote.

Jumamosi mchana Mihayo na mkwewe wakacheza, ukuta katikati, kwa bando la simu ya Kulwa. Mihayo akafungwa tatu bila. Kila alipobaki na kipa wa mkwewe, alipiga nje kwa heshima zote. Kulwa akaja kusimama mlangoni, amekunja uso.

"Mama anasema kama unamhurumia, anafungasha leo leo."

Mihayo aliona aibu kweli. Mechi ya pili alicheza kama anavyocheza na Rabson, akamkwatua mama mkwe mara mbili, akala kadi ya njano, akashinda mbili moja. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akajua ameharibu.

Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa yake, sauti ya mkwewe ikamjia yeye mwenyewe, kupitia ukutani.

"Baba Justine, kesho tunaanza saa ngapi?"